Mallorca: barabara ya juu ya bahari na kuta zinazoibeba



Siku zilizopita rafiki mmoja tuliyemaliza naye agronomia alinitumia video ku telefone. Gari jeupe lisilo na paa linakata kona juu ya bahari ya bluu, muziki mingi, na chini yake watu wameandika "paradiso" na "siku moja Mungu akipenda". Yeye aliniuliza paka kitu kimoja: "Uko unaona nini pale?" Mara ya kwanza niliona bahari. Mara ya pili, njo nikaona kuta. Juu ya barabara na chini yake, mlima mzima umekatwa ngazi, ngazi juu ya ngazi, zote zimeshikwa na majiwe, na mu kila ngazi kuko miti ya mizeituni. Mtu aliyesoma udongo miaka mitano, akisha kuona kitu kama kile, bahari anaisahau.

Barabara ile inaitwa Ma-10. Iko ku kisiwa cha Mallorca, Hispania, mu bahari ya Mediterane. Inatoka Andratx, kusini-magharibi, inafuata mgongo wa milima inayoitwa Serra de Tramuntana, inafika Pollença kaskazini: karibu kilometa 110. Upande mmoja mlima, na mlima mkubwa kuliko yote, Puig Major, unapita mita 1400. Upande mwingine ni shimo, kiisha maji. Watalii wanaifanya siku moja, wengine kwa velo, na timu za mashindano zinakuja kuzoeza miguu pale wakati wa baridi juu kule kwao kuko theluji. Ni barabara nzuri, sikatai. Lakini historia yake si ya watalii, na ile wanayokuja kupiga picha haikutengenezwa juu ya picha.

Tuanze na bahari yenyewe. Leo mwenye nyumba inayotazama bahari ndiye tajiri. Zamani ilikuwa kinyume. Ukiangalia karata ya Mallorca utaona kwamba vijiji vya Tramuntana, Estellencs, Banyalbufar, Valldemossa, Deià, vimekaa juu, mbali kidogo na maji, na Sóller iko ndani mu bonde, kilometa chache toka bandari yake. Sababu ni woga. Mu karne ya 16 bahari ilileta wanyang'anyi toka pwani ya Afrika ya Kaskazini, walioshuka usiku, kuchukua watu na kuwauza. Tarehe 11 mei 1561 walishambulia Sóller. Watu wa pale wanasimulia mpaka leo habari ya wanawake wawili, ndugu wa tumbo moja, walioua washambuliaji kwa mti wa kufungia mlango, na kila mwaka mu mwezi wa tano mji mzima unaigiza tena vita vile mu njia na ku bandari. Inaitwa Firó.

Lakini tusimulie na upande wa pili, juu watu wa utalii hawapendi kuusimulia. Watu wa Mallorca nao walikuwa na mashua za kuwinda watu, na soko la watumwa lilikuwa pale kisiwani. Mu karne ya 14 na ya 15 watumwa wengi walifanya kazi mu mashamba ya kisiwa. Kwa hiyo ukiona ukuta wa zamani sana, usiseme haraka "mababu walijenga". Uliza kwanza: mababu ya nani, na walilipwa nini?

Minara ya kulinda pwani njo ilibaki. Mmoja unajulikana sana, Torre del Verger, karibu na Banyalbufar, wa mwaka wa 1579. Umesimama ku ncha ya jiwe, barabara inapita mgongoni mwake, na leo watu wanapanga mustari kupiga picha wakati jua linazama. Wakati ule mlinzi alikaa juu peke yake. Akiona mashua asizozijua, mchana alitoa moshi, usiku aliwasha moto, mnara wa pili unaona, unawasha wake, wa tatu, mpaka habari inafika Palma, mji mkuu. Padri mmoja, Joan Binimelis, mtu wa hesabu na wa historia, njo alipanga mfumo ule mwishoni mwa karne ya 16. Bila nyaya, bila rezo, habari ilizunguka kisiwa upesi kuliko farasi. (Sitasema kitu juu ya rezo ya kwetu.)

Sasa maji, na pale niko nyumbani. Mwanzoni mwa karne ya 10 Waislamu waliteka kisiwa, wakakaa nacho zaidi ya miaka 300, mpaka Jaume wa Kwanza, mfalme wa Aragón, alipoingia mu mji mkuu tarehe 31 desemba 1229. Waarabu na Waberberi walioishi pale walikuwa wakulima wa maji. Walitafuta chemchemi mlimani, wakayapitisha mu mifereji ya majiwe yenye mteremko mdogo kabisa, wakayaweka mu matangi, kiisha wakayagawanya kwa saa: wewe saa hii, jirani yako saa ile. Wafalme walibadilika, dini ilibadilika, lugha ilibadilika, mifereji ilibaki, pamoja na majina yake. Ku kisiwa mfereji unaitwa sèquia, tangi linaitwa safareig, yote mawili toka Kiarabu. Na Banyalbufar, kijiji chenye ngazi nzuri kuliko zote, jina lake wanalieleza kwa Kiarabu vilevile: ndani yake kuko neno bahr. Ndilo lile lile lililotupatia sisi "bahari". Niliposoma vile nilicheka peke yangu usiku. Mimi niko Kongo, sijawahi kufika Mediterane, na jina la kijiji chao niko nalo mu kinywa kila siku.

Nieleze ukuta wenyewe, mtanivumilia, ni kazi yangu. Mlima wa Tramuntana ni jiwe la chokaa, udongo ni kidogo, na mvua ya pale ni mbaya: wakati wa joto karibu hakuna tone, kiisha mu miezi ya vuli inaanguka kwa nguvu, siku chache, yote kwa mara moja. Mahali kama pale, ukilima mteremko bila kitu cha kuushika, baada ya miaka michache unalima jiwe tupu. Basi wakulima wakachimba mpaka ku jiwe gumu, wakapanga majiwe makubwa chini, wakapandisha ukuta ukilalia kidogo upande wa mlima, nyuma yake wakajaza majiwe madogo, na kiisha nyuma ya madogo wakaweka udongo. Simenti hakuna, hata chokaa hakuna. Jiwe linashikwa na jiwe lingine kwa uzito wake na kwa namna lilivyochongwa.

Watu wanafikiri hawakuweka simenti juu ya umaskini. Hapana. Ukuta wa simenti unafunga maji. Mvua ikinyesha sana, udongo unashiba, maji yanatafuta kutoka, yanasukuma, na siku moja ukuta wote unalala chini. Ukuta mkavu unaacha maji yapite kidogo kidogo kati ya majiwe na udongo unabaki. Mahali maji yanapokuja mengi walichimba njia chini ya shamba, zimejengwa kwa majiwe, maji yanapita chini ya miguu ya mkulima bila kumwonyesha uso. Na kuko faida nyingine: yale majiwe yalitoka mu shamba lenyewe. Ulisafisha shamba, ukapata ukuta. Pale wanauita marge, na fundi wake anaitwa marger. Huyu si mkulima wa kawaida, ni mtu wa ufundi, anasoma jiwe kama mwashi wetu anavyosoma tofali, zaidi hata.

Ku zile ngazi walipanda mizeituni. Mafuta ya mizeituni yalikuwa kwa karne nyingi biashara kubwa ya kisiwa, yalitoka ku bandari ya Sóller kwenda nchi nyingine. Mashamba makubwa yalikuwa ya wakubwa waliokaa Palma, na waliookota mizeituni walikuwa zaidi wanawake, wengine walipanda toka vijiji vya tambarare kufanya kazi ya msimu, wanalala palepale ku shamba mpaka mavuno yanaisha. Juu ya mizeituni, mu msitu, kulikuwa wachoma makala. Ndiyo, makala, kama yetu: familia inahamia mlimani miezi mingi, inajenga kibanda, inapanga miti kwa duara, inafunika kwa udongo, inalinda moshi usiku na mchana. Gazi ya chupa njo iliua kazi ile mu karne ya 20. Na juu zaidi, mahali penye baridi, watu walikusanya theluji mu mashimo yaliyojengwa kwa majiwe, wakaikanyaga ikawa barafu, wakati wa joto wakaishusha Palma usiku ku migongo ya nyumbu. Njia za nyumbu zile, zilizotandikwa majiwe, njo zilikuwa barabara za Tramuntana mbele ya barabara.

Banyalbufar ilikuwa na bahati ya pekee, mzabibu wa malvasia, divai yake ilisifiwa mbali. Mwaka wa 1891 ikafika filoksera. Wenzangu wa agronomia wanaijua: mdudu mdogo toka Amerika ya Kaskazini, ananyonya mizizi ya mzabibu wa Ulaya, shina linaoza na kukauka. Ilikwisha kuangamiza Ufaransa, na wakati ule Mallorca ilipata pesa nyingi juu Wafaransa walikosa divai. Kiisha zamu yake ikafika. Dawa ilijulikana, kupandikiza mzabibu wa Ulaya ku mzizi wa Amerika wenye kuvumilia, lakini mkulima aliyepoteza kila kitu hana pesa ya kuanza upya. Wengi walipanda meli wakaenda. Mu Banyalbufar waliobaki waligeukia nyanya, ku ngazi zilezile, na maji yaleyale ya saa kwa saa.

Sóller nayo iliondosha watoto wake. Machungwa yao yalikuwa yanauzwa kusini mwa Ufaransa, ugonjwa ukaingia mu michungwa mu miaka ya 1860, na vijana wakafuata njia ya machungwa: wakaenda Ufaransa, wakafungua maduka ya matunda, mu mji huu na mu mji ule, wakatuma pesa nyumbani. Mtu wa Kongo haitaji maelezo juu ya pesa ya kutumwa. Lakini pesa ile haikuishia mu sherehe peke yake. Ilijenga nyumba zile za fahari ambazo leo zinaonekana ku kiwanja cha mji, na watu wa Sóller, walipochoka kufungwa nyuma ya mlima, wakajikusanya wakajenga reli. Ilifunguliwa mwaka wa 1912, kilometa 27 mpaka Palma, pamoja na tuneli ya karibu kilometa 3 ndani ya mlima. Inatembea mpaka leo. Tuneli ya magari ilingoja mpaka 1997.

Wageni je? Wa kwanza kujulikana hawakupenda hata kidogo. Mu mwisho wa 1838 mwandishi wa Ufaransa, George Sand, alikuja na watoto wake na Chopin, mpiga piano, aliyekuwa mgonjwa wa kifua. Walikaa mu nyumba ya zamani ya watawa, Valldemossa, mpaka februari 1839. Mvua ilinyesha, piano ilichelewa ku duane, watu waliogopa ugonjwa. Walirudi ndani ya meli ambayo faida yake ilikuwa kusafirisha nguruwe. Kiisha Sand aliandika kitabu kizima kulalamika: barabara mbaya, chakula kibaya, na watu wa Mallorca wabaya kuliko vyote. Nilipokisoma nilijua sauti ile. Ni sauti ya mgeni anayekaa miezi michache, anaondoka, anaandika juu yetu, na vitabu vya aina ile tunavyo vingi sana vya kuhusu Kongo. Tofauti ni kwamba Valldemossa leo inauza kitabu chake mu maduka, lugha nyingi, watalii wananunua. Sijui nicheke au nikasirike. Labda wale watu wana akili kutushinda.

Wa pili alipenda kupita kiasi: Ludwig Salvator, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Austria, alizaliwa 1847, akafika kisiwani mara ya kwanza 1867. Mwaka wa 1872 akanunua Miramar, mahali ambapo Ramon Llull alikuwa ameanzisha mu 1276 nyumba ya kufundisha watawa Kiarabu. Kiisha akanunua shamba jirani, na lingine, mpaka pwani kati ya Valldemossa na Deià ikawa karibu yake yote. Alikataza kukata miti. Alitengeneza njia za miguu na mahali pa kusimama kutazama bahari. Na aliandika vitabu vikubwa juu ya visiwa vile, ndani yake kuko mazao, vyombo vya kulimia, nyimbo, bei za vitu, kila kitu. Kama agronoma namheshimu juu ya vitabu vile. Lakini muone kilichotokea: kwa mara ya kwanza mu historia ya Tramuntana mtu alinunua udongo si juu ya kula, bali juu ya kutazama. Alifungua mlango, wengine wakaingia, mpaka leo.

Mu 1905 watu wa biashara wa Palma waliunda chama cha kuendeleza utalii, Foment del Turisme. Na mu mwanzo wa miaka ya 1930 ikaja kazi ya ajabu kuliko zote, barabara ya Sa Calobra. Si sehemu ya Ma-10, ni tawi lake: linaacha mlima ku mita karibu 700 na kushuka mpaka majini, zaidi ya kilometa 12. Kule chini kulikuwa nini? Nyumba chache, mdomo wa bonde la kutisha linaloitwa Torrent de Pareis, na mashua. Hakuna mji, hakuna mgodi, hakuna bandari ya maana. Barabara ilijengwa juu watu washuke, waone, wapande tena.

Injenyeri wake aliitwa Antoni Parietti, mtu wa kisiwa, ndiye pia wa barabara ya Formentor. Alikataa tuneli. Alichukua umbo la mlima akalifuata, kona juu ya kona, na mahali mlima ulipokuwa wima mno akaizungusha barabara ipite chini yake yenyewe kama tai inavyofungwa shingoni. Wanapaita "fundo la tai". Majiwe yaliyokatwa upande mmoja yalijaza upande mwingine. Mashine zilikuwa karibu hakuna: nyundo, patasi, baruti, mikokoteni, mikono. Jina la Parietti liko mu vitabu vyote vya utalii. Majina ya wale walioshika nyundo nimeyatafuta, kwa Kifaransa na kwa Kihispania cha kubahatisha, sikupata hata moja. Lakini ukitazama kuta zinazoshika kona zile, ni ufundi wa marger, jiwe ku jiwe. Ni watoto wa wale waliojenga ngazi za mizeituni.

Miaka ya 1950 ninaipita upesi: Marekani ilipatana na Hispania ya Franco mu 1953, na juu ya Puig Major ikajengwa rada, kilele kikakatwa ili ikae. Mpaka leo kule juu ni mahali pa jeshi, raia hapandi vile anavyotaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mabwawa mawili, Cúber na Gorg Blau, yalijaza mabonde ya pale chini, maji yake yanashuka Palma. Unapita pembeni yake na gari, unasema "ziwa zuri", kumbe ni robine ya mji.

Kiisha ndege. Toka miaka ya 1960 hoteli ziliota ku fukwe za mchanga, upande mwingine wa kisiwa. Tramuntana haikujazwa hoteli, mlima ni mkali mno, lakini ilipoteza watu. Kijana aliyepata mshahara wa mwezi mzima kwa kubeba sahani atarudi kweli kuokota mizeituni ku ngazi ya mita 3? Mimi singerudi. Na ukuta mkavu uko na shida moja: hauishi peke yake. Kila mwaka mahali fulani jiwe moja linatoka. Ukilirudisha siku ile, ni kazi ya dakika. Ukiliacha, mvua inapanua tundu, tumbo linatokea, ukuta unamwagika, udongo wa karne unashuka ku barabara, na ngazi ya chini inabeba uzito isioujua.

Nilifanya staji ku mteremko mmoja wa Kivu, mahali mradi fulani ulilipa watu kuchimba mitaro na kupanda majani ya kushika udongo. Mradi ulipomaliza pesa, msimu wa pili mbuzi walikuwa ndani. Niliandika mu memwari yangu "ukosefu wa uhamasishaji", juu profesa alipenda neno lile. Leo ningeandika kitu kingine: mkulima alipiga hesabu, hesabu ikakataa. Mallorca, nchi ya pesa, hesabu ilikataa vilevile.

Mu 2011 UNESCO iliandika Serra de Tramuntana mu urithi wa dunia, na muangalie vizuri: si kama mlima mzuri wa asili, bali kama mandhari iliyotengenezwa na watu, ngazi zake na maji yake. Mu 2018 ufundi wa ukuta mkavu nao uliandikwa, kwa nchi 8 za Ulaya pamoja. Mbele ya pale, toka miaka ya 1980, Sóller ilikwisha kuanzisha shule ya kufundisha vijana kazi ya marger, juu wazee walikuwa wanakufa nayo. Wanafunzi wake walitengeneza njia za zamani za nyumbu, na leo kuko njia nzima ya miguu inayovuka milima kwa jina la "jiwe kavu". Inasaidia njia. Ngazi za mizeituni zilizo mbali na njia, zile ambazo hakuna mtalii anazipita, nani anazilipia? Mwenye nyumba aliyetoka mbali, anayekuja majuma mawili kwa mwaka, anahitaji ukuta unaoonekana toka ku dirisha lake.

Nilirudi ku video ya rafiki yangu, nikaisimamisha mahali gari linapokata kona ya mwisho. Upande wa kushoto, juu kidogo ya barabara, ukuta mmoja umeshika tumbo. Majiwe kama sita au saba yako chini, mu majani, na mzeituni uliosimama pale juu mizizi yake upande mmoja imebaki nje. Nilimwandikia: "Ona sekunde ya 41, kushoto." Alinijibu kiisha saa moja: "Mvua mbili, tatu."